Nyumba za Levittown, Sauti za Memphis

Mwaka 1948 mwimbaji na mpiga piano Nat King Cole alinunua nyumba katika Hancock Park, mtaa wa wazungu wenye uwezo mjini Los Angeles. Kufikia wakati huo sauti yake ilikuwa imekwisha kuzoeleka sebuleni mwa Wamarekani wa kila rangi, na santuri zake zilinunuliwa na watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja na mtu mweusi. Hata hivyo, wakazi wa Hancock Park waliungana kumzuia asihamie. Walimweleza kwamba hawapendi watu wasiofaa waje kuishi miongoni mwao. Cole aliwajibu kwamba hata yeye hapendi, na kwamba akimwona mtu wa aina hiyo akiingia mtaani atakuwa wa kwanza kulalamika. Akahamia, akakaa, na nyumba hiyo ikabaki kuwa yake mpaka alipofariki mwaka 1965.

Kisa hiki kimekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu, na hunirudia kila ninaposoma habari za Marekani ya miaka iliyo kati ya mwisho wa Vita Kuu ya Pili na mwanzo wa miaka ya sitini. Picha tunazoonyeshwa za wakati huo ni za namna moja: nyumba ndogo yenye majani yaliyokatwa sawasawa mbele yake, gari refu lililonakshiwa kwa vyuma vinavyong'aa, mama aliyevaa aproni, watoto walioketi sakafuni mbele ya televisheni. Picha hizo si za uongo. Mamilioni ya watu waliishi hivyo kweli, na wengi wao walikuwa wametoka katika ufukara wa miaka ya thelathini na hofu ya vita, kwa hiyo sioni sababu ya kuwabeza kwa kufurahia jokofu jipya. Lakini ukiusikiliza muziki wa wakati uleule utasikia jambo ambalo picha hizo haziwezi kulionyesha. Miaka ileile ambayo serikali, mabenki na wajenzi walikuwa wakiwapanga Wamarekani katika mitaa mbalimbali kwa kufuata rangi zao, ndiyo miaka ambayo masikio yao yalichanganyika kuliko wakati wowote uliotangulia. Mtu aliweza kunyimwa nyumba, lakini wimbi la redio halikuulizwa rangi mlangoni. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya utamaduni ambao Marekani iliupeleka duniani baada ya vita ilizaliwa katika mvutano huo.

Nianze na nyumba, kwa kuwa bila nyumba mengine hayaeleweki. Watu wapatao milioni 16 waliitumikia Marekani katika majeshi wakati wa vita, na walipoanza kurudi mwaka 1945 wengi hawakupata pa kukaa. Kwa takriban miaka 15, kwanza kwa sababu ya mdororo wa uchumi na kisha kwa sababu ya vita vyenyewe, nyumba chache sana zilikuwa zimejengwa. Wanandoa wapya walibanana na wazazi wao, na wengine waliishi katika mabanda ya bati yaliyoachwa na jeshi. Watoto nao walikuwa wakizaliwa kwa wingi usiokuwa na mfano: mwaka 1946 peke yake walizaliwa watoto wapatao milioni 3.4, na idadi hiyo iliendelea kupanda mpaka ikafika milioni 4.3 mwaka 1957. Bahati ni kwamba serikali ilikwisha kuiona haja hiyo mapema. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ambayo wananchi waliizoea kwa jina fupi la GI Bill. Sheria hiyo iliwalipia askari ada za vyuo, ikawapa posho ya dola 20 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 52 walipokuwa wakitafuta kazi, na, jambo lililobadilisha sura ya nchi nzima, ikawadhamini katika mikopo ya nyumba. Benki iliyojua kwamba serikali imesimama nyuma ya mkopaji haikuwa na haja ya kumdai kianzio kikubwa, na askari wengi walinunua nyumba bila kutoa kianzio chochote.

Aliyeielewa nafasi hiyo upesi kuliko wenzake ni William Levitt, mjenzi aliyewahi kutumikia kikosi cha ujenzi cha jeshi la wanamaji. Mwaka 1947, akiwa pamoja na baba yake na ndugu yake Alfred, ambaye ndiye aliyechora ramani za nyumba, alianza kujenga katika mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya jiji la New York. Njia yake ilikuwa ile ya kiwanda cha magari, ila imegeuzwa: kiwandani gari husogea na mfanyakazi husimama, na hapa nyumba zilisimama na wafanyakazi wakasogea. Kazi yote iligawanywa katika hatua zipatazo 27, kila kundi likishika hatua moja na kuirudia katika nyumba baada ya nyumba. Sakafu ya zege ilimwagwa moja kwa moja juu ya ardhi bila kuchimbwa chumba cha chini, mbao ziliwasili zikiwa zimekwisha kukatwa kwa kipimo, na siku za kasi kubwa zaidi ya nyumba 30 zilikamilika kati ya asubuhi na jioni. Kufikia mwaka 1951 zilikuwa nyumba 17,447, na mji huo uliitwa kwa jina la familia yake: Levittown.

Mwanzoni nyumba hizo zilipangishwa kwa askari kwa dola 60 kwa mwezi, kisha mwaka 1949 kukaanza kuuzwa aina mpya kwa dola 7,990. Ndani mlikuwa na jiko, jokofu na mashine ya kufulia, na kuanzia toleo la mwaka 1950 mlikuwa na televisheni iliyotiwa ndani ya ukuta, chini ya ngazi. Jambo hili la mwisho hunivutia sana. Televisheni iliuzwa kama sehemu ya nyumba, sawa na dirisha au mlango, na familia iliilipia kwa mkopo uleule uliolipia paa. Mkazi aliahidi kukata majani kila wiki, kutojenga uzio, na kutoanika nguo nje siku za mwisho wa juma. Mtu anayetoka katika chumba cha kupanga chenye giza hakuona masharti hayo kuwa mzigo, na barua na kumbukumbu za wakazi wa mwanzo zimejaa shukrani.

Lakini mkataba wa upangaji ulikuwa na kifungu kingine. Kilisema kwamba nyumba isitumiwe wala isikaliwe na mtu yeyote asiye mzungu, na mara baada ya maneno hayo kikaongeza kwamba ni ruhusa kuajiri watumishi wa ndani wasio wazungu. Nimekirudia kifungu hicho mara nyingi, na kila mara nyongeza hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa maana inaonyesha kwamba walioandika walifikiri kwa makini. Mtu mweusi angeweza kuingia Levittown kupitia mlango wa jikoni na kufua nguo za askari mwenzake wa vita vilevile, mradi jioni aondoke. Levitt mwenyewe alikuwa Myahudi, mjukuu wa rabi, na alijitetea kwamba hilo ni suala la biashara: akiwauzia watu weusi, wazungu hawatanunua. Wala hakuwa peke yake. Shirika la serikali kuu lililodhamini mikopo ya ujenzi lilikuwa kwa miaka mingi likiwaelekeza wajenzi waweke vifungu vya aina hiyo katika hati za nyumba, kwa hoja kwamba mtaa wenye rangi moja ni dhamana salama. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuvitekeleza vifungu hivyo. Maneno yakafutwa karatasini, desturi ikabaki. Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1947, mikopo zaidi ya 3,200 ya nyumba, biashara na mashamba ilidhaminiwa na idara ya askari wastaafu. Miwili tu ndiyo iliyokwenda kwa watu weusi.

Miaka kumi baadaye, Agosti 1957, familia ya kwanza ya watu weusi, ya William na Daisy Myers, ilihamia katika Levittown ya pili, ile ya Pennsylvania, kwa kununua nyumba kutoka kwa mwenyewe badala ya kampuni. Bwana Myers alikuwa askari wa Vita Kuu ya Pili. Usiku baada ya usiku mamia ya watu walikusanyika nje ya nyumba yao, mawe yakavunja dirisha kubwa la sebule, na polisi wa jimbo wakalazimika kuitwa. Baadaye wapinzani walijikusanya katika nyumba ya jirani, wakatundika bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, na wakapiga muziki kwa sauti ya juu ili familia isilale. Familia ya Myers haikuondoka, na majirani wazungu wasiokuwa wachache walisimama nao, wakiwaletea chakula na kulinda nao zamu. Nimetaja muziki huo makusudi. Katika mji uleule, majira yaleyale ya kiangazi, vijana wa kizungu walikuwa vyumbani mwao wakisikiliza santuri za waimbaji weusi Little Richard na Fats Domino.

Televisheni ilienea kwa kasi ambayo redio yenyewe haikuifikia. Mwaka 1950 takriban familia moja kati ya kumi na moja ilikuwa nayo. Mwaka 1960 karibu familia tisa kati ya kumi zilikuwa nayo. Kipindi kilichopendwa kuliko vyote katika nusu ya kwanza ya miaka hiyo kilikuwa mchezo wa kuchekesha wa I Love Lucy, kilichoanza kurushwa na kituo cha CBS tarehe 15 Oktoba 1951, na historia yake ina funzo ambalo watu wengi hulipita. Mwigizaji wake mkuu, Lucille Ball, alitaka mume wake wa kweli, Desi Arnaz, awe mume wake katika mchezo. Wakuu wa televisheni walisita, wakidai kwamba watazamaji hawatamkubali mke wa Kimarekani aliyeolewa na Mkuba mwenye lafudhi ya Kihispania. Wawili hao hawakubishana ofisini. Walizunguka nchi mwaka 1950 wakicheza pamoja jukwaani, watu wakawacheka kwa furaha, na hoja ikaisha. Vilevile walisisitiza mchezo upigwe kwa filamu halisi, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, badala ya kurushwa papo hapo na kupotea hewani kama vilivyokuwa vipindi vingi vya wakati huo. Kwa sababu hiyo vipindi vyao vinaweza kutazamwa mpaka leo. Tarehe 19 Januari 1953, Lucy alipojifungua katika mchezo, watu wapatao milioni 44 walitazama; kesho yake, Dwight Eisenhower alipoapishwa kuwa rais, walitazama watu wapatao milioni 29. Na katika vipindi vyote vya ujauzito huo neno lenyewe la mimba halikutamkwa hata mara moja, kwa kuwa kituo kiliona si la heshima.

Mlo wa jioni nao ulibadilika. Meza ya chakula, ambayo ndiyo iliyokuwa moyo wa nyumba, ilianza kushindana na kile kisanduku. Mwaka 1954 kampuni ya Swanson ilisambaza nchi nzima chakula kilichopikwa na kugandishwa, kikiwa katika trei ya alumini yenye vyumba vitatu: nyama ya bata mzinga, viazi vitamu na njegere, kwa senti 98. Kiliwekwa katika tanuri kwa dakika 25, kikaliwa magotini mbele ya skrini. Waume waliandika barua za kulalamika kwamba wanataka wapikiwe kama walivyopikiwa na mama zao. Mimi nawaelewa zaidi wake zao, waliokuwa wamefungiwa mchana kutwa katika kitongoji kisicho na basi wala duka la karibu, gari likiwa limekwenda kazini na mume.

Sasa, televisheni ilipochukua jioni za Wamarekani, ilichukua pia wachekeshaji, michezo ya kuigiza na wadhamini wakubwa waliokuwa wakiilisha redio. Mitandao mikubwa ya redio ikanyauka. Vituo vidogo vya miji vilibaki na masaa mengi ya kujaza na fedha kidogo, na kitu rahisi kuliko vyote cha kujazia kilikuwa ni mtangazaji mmoja na rundo la santuri. Vilevile vilianza kutafuta wasikilizaji ambao hakuna aliyewahi kuwajali. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na ulifunguliwa na njaa ya fedha; sitaki kumsifu mtu kwa ukarimu ambao hakuwa nao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kituo cha WDIA cha Memphis, Tennessee. Kilianzishwa mwaka 1947 na wazungu wawili, kikapiga muziki uleule uliopigwa na vituo vingine vya mji, na kikaelekea kufilisika. Mwezi Oktoba 1948 wenyewe walijaribu jambo ambalo hakuna aliyelijaribu katika mji huo: walimweka mtu mweusi mbele ya maikrofoni awe mtangazaji. Aliitwa Nat D. Williams, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington na mwandishi wa magazeti. Taa nyekundu ilipowaka, Williams akasahau kila neno alilokuwa amejiandaa kusema, akaangua kicheko. Watu wote chumbani wakacheka naye. Tangu siku hiyo alikifungua kipindi chake kwa kicheko hicho, na mji mzima ukakitambua. Aliendelea kufundisha shuleni huku akitangaza. Katika muda usiozidi mwaka kituo kizima kiligeuzwa kuwa cha Wamarekani weusi, na kikawa cha kwanza kwa usikilizwaji katika Memphis. Kijana mmoja kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi, Riley King, alifika hapo na gitaa lake, akapewa dakika kumi za kuimba na kutangaza dawa ya kuongeza nguvu. Hapo akapata jina la Blues Boy, ambalo baadaye lilifupishwa kuwa B.B. Mwaka 1954 nguvu za mitambo zilipandishwa mpaka wati 50,000, na sauti ya WDIA ikasikika kutoka Missouri hadi karibu na Ghuba ya Mexico.

Hakuna sheria ya mji iliyoweza kumzuia mtoto wa kizungu kuzungusha kitufe cha redio usiku. Katika Lauderdale Courts, majengo ya serikali ya Memphis yaliyojengwa kwa ajili ya wazungu maskini, aliishi na wazazi wake kijana aliyeitwa Elvis Presley. Alisikiliza WDIA, alisikiliza nyimbo za makanisa ya watu weusi, na alisikiliza pia muziki wa wazungu wa mashambani. Kichwani mwake hapakuwa na uzio kati ya hizo tatu. Julai 1954, katika studio ndogo ya Sam Phillips iliyoko barabara ya Union, yeye, mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black walikuwa wamechoka kwa kujaribu nyimbo za taratibu zisizokwenda popote. Wakati wa mapumziko Elvis akaanza kuuchezea wimbo wa That's All Right, ambao Arthur Crudup, mwanamuziki mweusi wa Mississippi, alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Phillips akawaambia warudi mwanzo.

Siku chache baadaye mtangazaji wa kizungu Dewey Phillips, asiye na undugu na Sam, aliupiga wimbo huo redioni mara kadhaa mfululizo, simu za wasikilizaji zikafurika. Elvis alikuwa amejificha katika jumba la sinema kwa haya, wazazi wake wakaenda kumtafuta gizani na kumpeleka kituoni. Dewey akamhoji, na swali alilomwuliza kwa makusudi lilikuwa hili: umesoma shule gani ya sekondari? Elvis akajibu kuwa ni Humes. Kila mtu wa Memphis alijua kwamba Humes ni shule ya wazungu. Kwa jina la shule, bila kutaja rangi, wasikilizaji waliambiwa jambo ambalo masikio yao yalikuwa yameshindwa kuwaambia. Sijapata kusoma maelezo mafupi zaidi ya Marekani ya miaka hiyo kuliko swali hilo: shule zilitenganishwa kiasi kwamba jina lake lilitosha kuwa rangi ya mtu, na muziki ulikuwa umechanganyika kiasi kwamba sauti haikutosha tena.

Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Septemba 1956, watu wapatao milioni 60 walimtazama Elvis katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Arthur Crudup hakuwahi kulipwa haki yake kamili kwa wimbo wake, na alifariki mwaka 1974 akiwa bado anaidai. Ninaipenda sana sauti ya Elvis ya mwaka 1954, na nadhani mtu anaweza kuipenda huku akiukasirikia uonevu huo. Mambo hayo yaliendelea kwa kila namna. Wimbo wa Tutti Frutti wa Little Richard ulipotoka mwishoni mwa mwaka 1955, mwimbaji wa kizungu Pat Boone aliurekodi upya kwa namna ya upole, na toleo lake likapanda juu zaidi katika orodha ya nyimbo zilizouzwa nchi nzima. Mwanamuziki mweusi Chuck Berry aliporekodi wimbo wa Maybellene huko Chicago mwaka huohuo, jina la mtangazaji Alan Freed liliwekwa katika santuri kama mtunzi mwenzake, ijapokuwa hakutunga kitu. Ndiyo iliyokuwa bei ya kupigwa redioni. Berry alieleza pia kwamba aliwahi kukodiwa kupiga muziki katika dansi moja, na alipofika mlangoni akarudishwa, kwa kuwa wenye ukumbi walipoisikia santuri walidhani mwimbaji ni mzungu. Alibaki ndani ya gari nje ya ukumbi, akiwasikia wanamuziki wengine wakipiga nyimbo zake.

Vifaa navyo vilisaidia. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizoletwa na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, zilikuwa nyepesi, hazikuvunjika ovyo kama zile za zamani, na kijana aliweza kuzinunua kwa fedha zake za mfukoni. Mwishoni mwa mwaka 1954 ikaingia sokoni redio ya kwanza ya transista, Regency TR-1, kwa dola 49.95. Bei hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilishuka haraka katika miaka iliyofuata, na kwa mara ya kwanza kijana aliweza kusikiliza muziki chini ya shuka bila baba yake kujua ni kituo gani.

Gari lilifanya kazi hiyohiyo. Tarehe 29 Juni 1956 Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Kando ya barabara hizo yaliota majumba ya sinema ya wazi ambako watu walitazama wakiwa garini, hoteli za wasafiri, na vibanda vya mikate ya nyama ya kusaga ya senti 15 vilivyoiga mtindo wa ndugu wawili McDonald wa San Bernardino. Mambo hayo yamesimuliwa mara nyingi. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba barabara hizo zilipoingia mijini mara nyingi zilipitishwa katikati ya mitaa ya watu weusi, kwa kuwa ardhi yake ilihesabiwa kuwa rahisi na wakazi wake hawakuwa na wa kuwasemea. Detroit ilikuwa na barabara ya Hastings, yenye maduka ya santuri, vilabu na studio za watu weusi, ambako John Lee Hooker alipiga gitaa lake. Yote yalivunjwa kupisha barabara kuu iliyopewa jina la Chrysler.

Kwa Nat King Cole nako mambo yalikuwa yakisonga. Novemba 1956 kituo cha NBC kilimpa kipindi chake mwenyewe cha televisheni, nafasi ambayo karibu hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameipata kabla yake. Kilikuwa kipindi kizuri: suti safi, piano, sauti isiyo na papara, na wageni kama Ella Fitzgerald na Harry Belafonte waliokubali ujira mdogo ili mwenzao afanikiwe. Watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni mdhamini wa kitaifa, kwa kuwa kampuni ziliogopa kwamba wanunuzi wa majimbo ya Kusini watasusia bidhaa zao. Mwezi Aprili mwaka huohuo, akiwa jukwaani Birmingham, Alabama, mbele ya ukumbi uliojaa wazungu waliokuja kumsikiliza, wanaume kadhaa walimrukia na kumwangusha chini. Alipata maumivu ya mgongo, akarudi kuwaaga watazamaji, nao wakampigia makofi kwa dakika nyingi. Desemba 1957 Cole alikifunga kipindi chake cha televisheni mwenyewe, akisema waziwazi kwamba watangazaji wa biashara wanamwogopa mtu mweusi.

Katika Detroit wakati huo Berry Gordy, kijana mweusi aliyekuja kuanzisha kampuni ya santuri ya Motown, alikuwa amekwisha kupoteza duka lake la santuri, kwa sababu aliwauzia watu jazi wakati wao walitaka blues. Alikuwa ameoa, ana watoto, na alipata kazi katika kiwanda cha magari ya Lincoln na Mercury kwa dola 86.40 kwa wiki. Alitunga nyimbo kichwani huku magari yakimpita mbele yake, yakiingia upande mmoja yakiwa vyuma vitupu na kutoka upande wa pili yakiwa kamili, na wazo hilo halikumtoka tena. Januari 1959 aliikopa familia yake dola 800 kutoka katika mfuko wao wa akiba. Mwaka huohuo alinunua nyumba ya kawaida ya ghorofa moja katika barabara ya West Grand Boulevard, nyumba ambayo hapo awali ilikuwa studio ya mpiga picha. Familia ikaishi juu. Chini, nyuma ya nyumba, chumba kikageuzwa kuwa studio, na mbele pakaandikwa Hitsville U.S.A. Kabla ya kuuachia wimbo wowote, mafundi wake waliusikiliza kwa kipaza sauti kidogo chenye mkwaruzo, cha namna ileile iliyofungwa katika magari, ili wajue jinsi utakavyosikika kwa kijana anayeendesha gari la baba yake katika mtaa ambao wao wenyewe, mwaka huo wa 1959, wasingeuziwa nyumba.